Dhahabu Ikigeuka Bati: Akiba ya Nyumba na Haki ya Mke



Hapa dukani tuko wanne, kila mmoja na cherehani yake. Kazi yetu kubwa ni nguo za maharusi na sare za shughuli. Biharusi tunamuona akija kupimwa, na baada ya mwaka au miaka miwili tunamuona tena akija na kitambaa cha mapazia. Tukikaa tukizungumza, husikia neno moja kutoka kwa wengi wao: "Pesa zangu zote zimekwisha, na sijui zimekwendea wapi." Tukimuuliza vizuri tunagundua hazikupotea. Zimo kwenye msingi, kwenye bati, kwenye milango. Lakini hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Leo tunataka kuzungumza namna ya kupunguza gharama kwa anaejenga na anaenunua nyumba hapa visiwani, na mwisho tuseme juu ya hiyo karatasi. Haya si mambo ya kusikia. Wawili wetu wameshahamia kwao, mmoja yuko kwenye lenta, na mmoja alinunua nyumba kongwe ya Ng'ambo pamoja na mumewe wakaitengeneza kidogo kidogo.

Nyumba inaanzia kwenye shughuli

Sisi tunakula kwa kushona sare, kwa hivyo mtatuamini tukisema sare moja inatosha. Familia ikiwagawia watu 40 kitambaa cha shilingi 25,000, hiyo ni milioni moja kabla ya mshono. Ikiwa kuna sare ya hina, sare ya ndoa na sare ya ukumbini, ni milioni tatu. Pesa hiyo kwa wengi wetu ni msingi mzima wa vyumba viwili.

Gauni la kuvaliwa saa nne likodiwe. Walima ni sunna, na sunna hiyo inatimia kwa sahani za pilau nyumbani kama inavyotimia ukumbini. Na zawadi zisemwe mapema. Shangazi na mama wadogo hupenda kuambiwa kitu cha kununua kuliko kubahatisha. Badala ya seti ya sita ya vikombe, mmoja atoe mlango wa chooni, mwengine atoe sinki. Tulikuwa na biharusi mmoja aliyeandika orodha ya namna hiyo, bibi yake akacheka, kisha akawa wa kwanza kuchagua: vitasa vyote vya nyumba.

Mahari ni yako wewe. Suratun Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na hakuna aliyetajwa kuwa mshirika wako ndani yake. Ukitaka kuyatia kwenye nyumba ni khiyari yako, na ukitaka kuyaweka pia ni khiyari yako. Ila kama umeyaweka kwa dhahabu, kumbuka zaka. Masheikh wetu wa Kishafii wanasema dhahabu ya kuvaa isiyopita kiasi haina zaka, lakini iliyowekwa kuwa akiba inahesabiwa. Ikifika gramu 85 na kupitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5, yaani gramu mbili na kitu. Nyumba unayoishi mwenyewe haina zaka. Ukiwa na shaka na hesabu yako, mfuate sheikh.

Mchezo wa vifaa

Sote tunacheza mchezo. Tofauti yetu ni kuwa mchezo wetu wa nyumba hautoi pesa mkononi. Tuko kumi, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa wiki, na mwenye zamu anapata 500,000. Siku ya zamu yake anakwenda na kijumbe mpaka kwa muuza vifaa, pesa inalipwa pale pale na risiti inaandikwa jina lake yeye mwanamke, si jina la fundi wala la mumewe. Risiti hizo zihifadhiwe. Tutazirudia.

Tulichagua hivyo kwa sababu pesa ya mkononi ina ndugu wengi. Mtoto anaumwa, skuli wanataka michango, jirani ana msiba. Tofali haliombwi na mtu.

Kwa zamu yako nunua tofali kuliko saruji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mfuko wa saruji ukikaa miezi mitatu unaanza kuganda na kupoteza nguvu. Ikibidi uuweke, uuweke juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, na uufunike. Tofali zenyewe zimwagiwe maji wiki nzima baada ya kufyatuliwa. Anaekuuzia tofali za jana kwa bei ndogo anakuuzia zitakazovunjika kwenye gari.

Kiwanja cha rahisi

Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na tunachonunua sisi ni haki ya kuitumia. Kwa hivyo kiwanja kisicho na karatasi ni kama umenunua maneno. Kabla ya kutoa hata arubuni, fanya mambo haya:

Muulize sheha wa shehia hiyo, na waulize majirani wa pande zote nne. Uliza kama eneo ni la urithi, na kama ni la urithi, waone warithi wote, pamoja na dada zao walioolewa Pemba au walioko Maskati. Ugomvi mwingi wa viwanja unatokana na kaka mmoja kuuza peke yake. Uliza kama ni katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwani hizo zilitolewa kwa kilimo na kuzikata viwanja kuna masharti yake. Uliza kama ni wakfu, kwa sababu wakfu hauuzwi. Kisha nenda Kamisheni ya Ardhi ukathibitishe. Nauli ya daladala na siku mbili za kuzunguka ndiyo akiba kubwa kuliko zote utakayoifanya katika nyumba hiyo.

Anaenunua nyumba iliyokwisha aende kuiangalia siku ya mvua. Siku ya jua kila nyumba ni nzuri. Na kama ni nyumba kongwe ya mawe na chokaa, kama ile aliyonunua mwenzetu, usikubali fundi akuwekee lipu ya saruji. Ukuta wa chokaa unahitaji kupumua, na saruji inaufungia unyevu ndani mpaka rangi inabanduka na ukuta unaoza. Yeye alitafuta mzee anaejua chokaa, akalipa zaidi kidogo kwa siku, na masika mbili sasa zimepita ukuta ni mkavu.

Kujenga kisiwani

Mchanga umekuwa adimu kwetu na Serikali imeudhibiti uchimbaji wake, kwa hivyo utamkuta mtu anakuuzia wa pwani kwa bei ya chini. Usichukue. Chumvi inakula nondo kutoka ndani, na baada ya miaka michache zege linapasuka na kubanduka. Mchanga wa rahisi utakulipisha nguzo.

Madirisha yaelekezwe kwenye upepo. Kaskazi inavuma kwetu miezi ya joto, Disemba mpaka Februari, na kusi inavuma katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha upande huu na jengine upande wa pili kinapitisha hewa bure, na feni inakuwa ya dharura. Wazee waliojenga kabla yetu walilijua hilo. Sisi ndio tunaobana vyumba vinne kwenye kiwanja kidogo halafu tunanunua kiyoyozi.

Bati zina geji, na namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Muuzaji akikwambia "hizi zote ni sawa", muombe uone namba iliyopigwa kwenye bati lenyewe. Kenchi na bati zimalizwe kabla ya masika ya Machi, maana mbao zikinyeshewa mwezi mzima zinapinda, na fundi utamlipa mara mbili.

Weka mfereji wa mvua kwenye paa na tanki chini yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, ni lita 800. Hiyo ni kufua na kuosha kwa siku nyingi bila ya kununua maji ya gari.

Na hamia mapema. Jenga chumba kimoja, choo na jiko kwa ramani ya nyumba nzima, acha nondo za kuendelezea, kisha ingia. Ikiwa kodi unayolipa ni 150,000 kwa mwezi, kila mwaka unaokaa kwako ni 1,800,000 inayokwenda kwenye chumba cha pili. Wenzetu wawili waliohamia waliingia sakafu ikiwa ya saruji tupu na madirisha yana mbao. Watu walisema. Sasa mmoja ana vyumba vitatu na wale waliosema bado wanalipa kodi.

Ukilazimika kukopa

Riba sote tunajua hukumu yake. Kwa benki zinazofanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, njia inayotumika sana ni murabaha: benki inanunua vifaa, inavimiliki, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana na isiyobadilika, na wewe unalipa kwa mafungu. Hilo ni biashara, na biashara ni halali, lakini halali haina maana kuwa ni rahisi. Usiulize "nitalipa kiasi gani kwa mwezi". Uliza jumla yote mpaka mwisho ni ngapi. Vifaa vya milioni 10 ukiuziwa kwa milioni 12, umelipa milioni mbili kwa kutokusubiri. Pengine inafaa, ikiwa kodi unayoiepuka ni kubwa kuliko hiyo. Piga hesabu zote mbili kwenye karatasi moja. Uliza pia ukichelewa itakuwaje, na ukimaliza mapema utapunguziwa au la.

Ukishaingia ndani

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula uniti moja na kitu. Nyumba ya balbu sita utaiona tofauti kwenye Tukuza mwezi wa kwanza tu. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa moja ni uniti nzima, kwa hivyo piga pasi za wiki siku moja, anza na hariri pasi ikiwa haijapata moto sana, malizia na pamba. Sisi ndivyo tunavyofanya dukani.

Mapazia usinunue yaliyokwisha tayari. Nunua kitambaa kwa mita Darajani au Mwanakwerekwe, na upande wa jua tia bitana nyeupe. Chumba kinapoa, na pazia halifubai haraka.

Sasa karatasi

Kuna mwenzetu wa mchezoni, mtu mzima kidogo kuliko sisi. Aliolewa na bwana aliyekuwa na watoto kwa mke wa mwanzo. Walijenga pamoja. Bangili zake ziliuzwa zikawa bati, na michezo yake ya miaka mitano ikawa lipu, sakafu na milango. Mumewe alikuwa mtu mwema, na hili tunalisema kwa sababu ni kweli. Akafariki, Allah amrehemu. Eda ilipokwisha warithi walikaa, mali ikahesabiwa, na nyumba yote ikahesabiwa ni ya marehemu kwa sababu kiwanja kilikuwa kwa jina lake na hakukuwa na kitu chengine chochote kilichoandikwa. Mwenzetu akapewa thumuni yake.

Hakuna aliyemdhulumu. Watoto wale hawakujua bangili zilikwenda wapi, na waliogaiwa walichukua walichoandikiwa na Mola wao. Yeye mwenyewe aliona haya kusema katika msiba, na angesema, shahidi wake ni nani?

Tupige hesabu kwa mfano. Nyumba ina thamani ya milioni 40, na mke ametia milioni 15 kwa dhahabu na michezo. Mume akifariki na ana watoto, fungu la mke ni thumuni, yaani moja ya nane. Bila ya karatasi, anapata thumuni ya milioni 40, ambayo ni milioni 5. Kama ile milioni 15 iliandikwa kuwa ni deni, deni linalipwa kabla ya urithi kugaiwa. Anapewa 15 zake kwanza, kisha thumuni ya 25 zilizobaki, ambayo ni 3,125,000. Jumla ni 18,125,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 13. Hakuna balbu wala mchezo utakaokuokolea pesa hiyo.

Kwa hivyo kila unapotia pesa kwenye nyumba, amua ni pesa ya namna gani, na kuna namna tatu.

Ya kwanza ni hiba. Umempa mumeo kwa mapenzi, na ikishapokelewa imetoka mkononi mwako. Ina malipo yake kwa Allah, na mwanamke anaetoa kwa kujua anachokifanya amefanya jambo kubwa, kwa sababu makaazi ya mke ni wajibu wa mume. Ya pili ni deni. Umemkopesha, na atakulipa au litalipwa katika mali yake. Ya tatu ni shirika. Nyumba ni yenu wawili kwa mafungu yanayojulikana, na hapo jina lako liwemo kwenye hati.

Zote tatu ni halali. Kisichofaa ni kutoa bila ya kujua umetoa kwa namna gani, kisha kila mtu afasiri kwa faida yake siku ambayo mmoja wenu hayupo wa kueleza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikusema waandikiane wasioaminiana. Imesemwa kwa walioamini.

Karatasi yenyewe si ngumu. Tarehe, majina yenu wawili, kiasi, kimekwenda katika kitu gani, na ni hiba, deni au shirika. Saini zenu na za mashahidi wawili. Ambatanisha risiti za mchezo zenye jina lako. Nakala moja ibaki kwenu, moja kwa mama yako au kaka yako. Ukiweza, mpelekee sheha au wakili akaigonge muhuri.

Utasemaje?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaogopa mume ataona haaminiki, au mawifi watasema "huyu anasubiri ndugu yetu afe".

Wewe biharusi una nafasi ambayo sisi tuliokwisha kuolewa hatunayo tena. Lizungumzwe wakati wazee wanazungumza mahari. Baba au mjomba wako aseme tu, "Kijana wetu, watakaposhirikiana kujenga, tungependa waandikiane kama Qur'ani ilivyoagiza." Hakuna mzee wa upande wa pili atakaesimama kulipinga hilo, na bwana harusi ataingia katika ndoa akijua ndiyo kawaida.

Aliyekwisha olewa achague wakati mzuri, si siku ya ugomvi wala siku pesa inapohitajika. Mwenzetu aliyeko kwenye lenta alimwambia mumewe baada ya isha, watoto wamelala: "Baba Salma, hii dhahabu naitia kwenye bati kwa moyo wangu wote. Tuandike, ili Allah akitutanguliza mmoja wetu, watoto wasigombane." Na akaanza na za mumewe: kiwanja alinunua yeye, msingi alijenga yeye, vyote vikaandikwa. Bwana aliona haki yake nayo imehifadhiwa. Alichukua kalamu mwenyewe.

Dada zetu, tunahesabu sukari na tunahesabu uniti za umeme, na ni vizuri tukahesabu. Tusihesabu vidogo tukaviacha vikubwa. Wiki hii, kama una kitu chako ndani ya nyumba unayoishi au inayojengwa, kusanya risiti ulizonazo, tafuta daftari, andika unachokumbuka na tarehe zake. Hayo ni ya kuanzia, na mazungumzo yatafuata.

Allah atujaalie nyumba zenye utulivu, atupe riziki ya halali na atulinde na dhulma ya kufanya na ya kufanyiwa. Na mwenzetu yule Allah amlipe kwa kila bangili. Sasa ana chumba chake kwa mwanawe wa mwisho, anacheza mchezo tena, na risiti zake zote zina jina lake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.